Viti Sita vya Mzee Entwistle

Avril Shorrock hakuwa mtu wa kuzungushwa. Akiingia nyumbani kwa watu, hata kabla hajakaribishwa chai, alikuwa ameshakishika kiti, amekigeuza miguu juu, ameinama na miwani puani akitafuta lebo. Akiiona, alimwashiria Imtiaz, dereva, naye akakibeba kiti mpaka garini. Asipoiona, alikirudisha chini taratibu, akakung'uta mikono na kusema maneno yale yale aliyoyasema kwa miaka sita: "Samahani sana. Hiki hatuwezi kukichukua."

Duka lao lilikuwa la hisani, pale Burnley, mji wa kaskazini mwa Uingereza, likiuza samani walizotoa watu ili kusaidia nyumba ya kutunzia wagonjwa. Na sheria ilikuwa moja kwa maduka yote. Kiti chenye sponji au mto, kama kimetengenezwa baada ya mwaka 1950, hakiuzwi mpaka kiwe na lebo iliyoshonwa au kugongomelewa papo hapo, inayosema kimepimwa na hakishiki moto ovyo kwa kiberiti wala kwa sigara. Kochi, kitanda, hata kiti cha kulia chakula ambacho mto wake ni mwembamba kama kitabu cha sala. Kiti cha mbao tupu, ruksa.

Watu walimchukia kwa hilo. Mama mmoja wa mji jirani wa Colne alimwambia ana roho ya chuma. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amezikata lebo zote kwa mkasi kwa sababu ziliwatekenya wajukuu miguu, akazihifadhi kwenye kopo la vifungo. Alizitoa kwa furaha, akazitandaza mezani.

"Hizi hapa zote! Hazijakosekana hata moja!"

"Zinatakiwa ziwe kwenye viti, mama," Avril alimjibu. "Si kwenye kopo."

Garini Imtiaz alicheka mpaka akajifuta macho. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo na ndevu zilizoanza mvi, mzaliwa wa Burnley kama Avril mwenyewe, na alipenda kumchokoza.

"Dada Avril, wewe hata askofu akileta kiti chake cha kanisani utakipindua."

"Kama kina sponji, nitakipindua."

"Na yeye mwenyewe akiwa amekaa juu yake?"

"Nitamwambia ashuke kwanza."

Hivyo ndivyo walivyoishi kazini. Avril alikuwa na miaka sitini, hakuolewa, na aliishi peke yake kwenye nyumba ndogo karibu na mfereji. Mama yake alikuwa hai, ana miaka themanini na mitatu, kwenye nyumba ya wazee kule Nelson. Kila Jumapili Avril alikwenda kumwona, wakazungumza habari za mvua na za chakula cha mle ndani, kisha Avril akarudi kwake.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu waliitwa Padiham, nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa binti yake Carlisle. Nyumba ilikuwa juu kabisa ya mtaa wenye mteremko mkali, nyumba za mawe zilizoshikana mabega, na Imtiaz ilibidi aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Mzee mwenyewe, Wilfred Entwistle, alikuwa amevaa tai kwa ajili yao. Miaka themanini na minne, mrefu, amepinda kidogo kiunoni kama mtu anayesikiliza jambo lililo chini.

"Karibuni, karibuni. Viti viko ndani. Sita, na vyote vizima. Mke wangu alivitunza kama mboni ya jicho."

Avril alitangulia chumba cha kulia. Alipofika mlangoni alisimama ghafla kiasi kwamba Imtiaz nusura amgonge mgongoni.

Viti vilikuwa vimepangwa kuizunguka meza. Miguu myembamba ya mbao nyekundu iliyotanuka kidogo chini, egemeo la fito tatu, na mto wa kitambaa cha kijani, kijani cha kuvu linaloota kwenye mawe, chenye vitone vidogo vya manjano. Vitone vilivyoinuka. Ukivipitishia ukucha vinatoa sauti kama ya kitana.

Avril alijua sauti hiyo kabla hajagusa.

"Dada?" Imtiaz alisema nyuma yake. "Vipi?"

Alinyoosha mkono na kupitisha ukucha, mara moja, kwenye mto wa kiti kilichokuwa karibu. Na mle chumbani, katika nyumba ya watu asiowajua, mdogo wake Colette akaja na kukaa. Miaka kumi na minne, soksi moja juu moja chini, amekunja mguu mmoja na kuukalia kama alivyopenda, anakwaruza vitone kwa ukucha huku akijifanya anasoma jiografia. Kwaru, kwaru, kwaru. *Colette, acha hiyo!* Naye anacheka.

Ilikuwa zamani sana tangu Avril aisikie ile cheko. Kwa miaka mingi alikuwa akiitafuta kichwani na kukuta mahali pake patupu.

"Chukua muda wako, binti," Mzee Entwistle alisema. Kwake yeye mwanamke wa miaka sitini alikuwa bado binti. "Ni viti vizuri, eti?"

"Ni vizuri sana," Avril alisema.

Kisha akafanya kazi yake. Alikipindua kiti, akavaa miwani, akaangalia. Akakipindua cha pili, na cha tatu, mpaka cha sita, ingawa alijua hatakuta kitu. Viti hivi vilitengenezwa mwaka wa sabini na nne, kabla mtu yeyote hajatunga sheria.

"Samahani sana, Bwana Entwistle. Hivi hatuwezi kuvichukua."

Mzee alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Kwa nini?"

"Havina lebo ya moto."

"Ya moto? Binti, nimevikalia miaka arobaini sijawaka hata siku moja!"

Imtiaz aligeuka kutazama dirishani, mabega yanamtikisika.

"Na Doreen wangu," mzee aliendelea, "Mungu amrehemu, alikuwa na mwili wake. Mwili hasa. Viti havikulia hata nyii. Sasa wewe unaniambia havifai?"

"Sijasema havifai. Nimesema duka haliruhusiwi kuviuza."

"Basi vitakwenda wapi?"

"Baraza la mji wana gari. Linachukua vitu vya kutupa kila Jumamosi."

Neno *kutupa* lilimpata mzee vibaya. Alijishika kwenye egemeo la kiti. Halafu akainua kichwa, macho yamemchangamka.

"Duka halichukui, sawa. Wewe je? Vichukue wewe."

"Mimi?"

"Nimekuona ulivyovigusa. Mimi ni mzee, si kipofu."

"Hapo hajakosea," Imtiaz alidakia. "Sheria inalibana duka, haikubani wewe. Mtu akikupa zawadi, ni zawadi. Navipakia sasa hivi, nakupitishia nyumbani."

"Hapana," Avril alisema. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Asante, lakini hapana." Akatoka mpaka garini, akasahau hata kuaga.

Imtiaz aliendesha mpaka chini ya mteremko bila mzaha wowote. Penye taa nyekundu akasema, "Miaka sita, sijakuona ukitoka nyumba ya mtu bila kuaga."

"Tulikuwa na viti kama vile nyumbani."

"Sasa hilo ndilo la kukukimbiza?"

Taa ikageuka kijani. Gari la nyuma likapiga honi.

"Nilikuwa na mdogo wangu," Avril alisema. "Vilimuua."

Imtiaz aliegesha pembeni, akazima injini. Avril alimweleza kwa ufupi, akitazama mbele, kama anayesoma tangazo ukutani.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa themanini na nne. Yeye alikuwa ameshahamia Leeds kikazi. Colette alikuwa na miaka ishirini na minne, anafanya kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Asubuhi hiyo alirudi na mvua imemlowesha. Akaning'iniza koti la kazi na sketi kwenye viti viwili, akavisogeza mbele ya hita, kama kila mtu katika mji ule alivyofanya kila siku ya mvua, kisha akapanda juu kulala. Mama alikuwa ameenda sokoni. Nyumba haikuungua. Ndiyo ilikuwa ajabu yake. Kiliungua chumba kimoja tu, na hata hicho si chote. Mtu wa zimamoto alimkalisha mama kwenye ngazi za jirani, akamwambia kwa upole kwamba haukuwa moto, ulikuwa moshi. Ile sponji ikishika, moshi wake ni sumu. Mivuto mitatu, minne, basi. Colette hakuamka hata akajua.

"Nilikuja na treni ya jioni," Avril alisema. "Viti vinne vilikuwa vimetolewa nje uani, vizima, vimepakwa masizi tu. Mvua inavinyeshea."

Miaka minne baadaye sheria ilipitishwa. Mama yake aliisoma gazetini, mezani, kwenye viti vingine, vya mbao tupu. Alikunja gazeti akasema, "Miaka minne." Hakusema kingine, siku hiyo wala siku nyingine. Tangu hapo jina la Colette likawa halitajwi baina yao. Picha zake zilifungiwa kwenye sanduku. Avril aliporudi Burnley, alipostaafu na kutafuta kazi ya kujitolea, aliuliza nani anakagua lebo.

Imtiaz alikaa na mikono kwenye usukani. "Na mimi miaka yote hii nakutania," alisema mwishowe.

"Usiache," Avril alimwambia. "Ukiacha, nitajua unanionea huruma. Washa gari."

Alidhani mambo yameishia hapo. Lakini Jumatano hakupata raha. Akiwa dukani anapanga vikombe, ile kwaru kwaru ilimjia, na nyuma yake cheko. Kisha cheko ikafifia, na yeye akabaki amesimama na kikombe mkononi, anaivuta irudi kama mtu anayevuta jina la mtu lililo kwenye ncha ya ulimi. Haikurudi. Alijua iko wapi. Iko Padiham, juu ya mteremko, kwenye viti sita vitakavyobebwa na gari la taka Jumamosi.

Alhamisi alichukua basi. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile ya Lancashire isiyo na haraka, na alipofika mlangoni kwa mzee maji yalikuwa yanamchuruzika kutoka kwenye kofia.

"Nilijua utarudi," Mzee Entwistle alisema. "Ingia, maji yamechemka."

Avril aliingia chumba cha kulia, na mara hii hakusimama mlangoni. Alipiga kelele.

"Bwana Entwistle! Ondoa hicho! Ondoa!"

Kiti kimoja kilikuwa mbele ya hita ya gesi, karibu mno, na kwenye egemeo lake limetandazwa sweta la sufu limelowa, mikono imening'inia inagusana na wavu wa hita. Avril alishaliruka zulia, ameshalinyakua sweta, ameshakivuta kiti mpaka upande wa pili wa chumba. Mkono wa sweta ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya chai. Aliizima hita. Alirudia swichi mara ya pili kuhakikisha.

"Binti, binti," mzee alisema mlangoni, birika mkononi. "Ni sweta tu. Nalianika hapo kila siku."

"Kila siku!"

"Tangu Doreen aondoke. Yeye ndiye aliyekuwa na waya wa kuanikia, sijui aliuweka wapi."

"Ungelala je? Ungesinzia hapo kitini na gazeti lako?"

"Huwa nasinzia," mzee alikiri.

Avril alikaa. Hakuchagua wapi, na kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kimojawapo cha vile viti. Kikampokea. Kimo kilikuwa kile kile. Fito tatu zilimgusa mgongoni pale pale zilipokuwa zikimgusa akiwa na miaka kumi na minane. Bila kujua alilofanya, akashika ukingo wa mto kwa vidole, na vidole vikakuta vile vitone. Akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, kama ambavyo hakulia hata kwenye mazishi yenyewe.

Mzee Entwistle hakuuliza. Aliweka birika, akamimina vikombe viwili, akatia sukari kwenye cha mgeni vijiko vitatu bila kumwuliza, akakaa upande wa pili wa meza na kumsubiri. Avril alipoweza kusema alimsimulia, na safari hii hakufupisha. Alimwambia habari ya koti la kazi. Alimwambia jinsi Colette alivyokuwa akiukalia mguu wake mpaka ukafa ganzi, kisha akaruka ruka jikoni kwa mguu mmoja akiwatukana wote kana kwamba ni kosa lao. Alimwambia kwamba alikuwa hawezi tena kuikumbuka sauti yake, na kwamba juzi, mle chumbani, aliisikia.

Mzee alikitazama kiti kilichosukumwa ukutani, halafu sweta lake lenye mkono uliobabuka.

"Miaka arobaini," alisema polepole. "Na mimi nikajisifu mbele yako sijawaka."

"Hukujua."

"Nilivikalia na watoto wangu." Akanywa chai. "Doreen, ukiniuliza sauti yake ilikuwaje, nakuambia ilikuwa nzito kidogo. Lakini hayo ni maneno. Kuisikia, siisikii. Naisikia pale tu ngazi ile ya tatu inapolia. Basi huwa naikanyaga makusudi. Kule Carlisle kwa binti yangu hakuna ngazi."

Wakakaa hivyo, kila mmoja na kikombe chake, mvua inapiga kioo.

"Vichukue," mzee alisema. "Au vitupe. Lakini nataka aviondoe mtu anayejua ni nini."

Avril alipangusa uso. "Nitavichukua. Ila ile sponji inatoka yote. Na wewe leo utalianika wapi hilo sweta, mimi sijui, lakini mbele ya hiyo hita halirudi."

Alimtafutia waya wa Doreen kabla hajaondoka. Ulikuwa nyuma ya mlango wa stoo, umefunikwa na koti la mvua.

Jumamosi Imtiaz alikuja na gari lake mwenyewe, si la duka, akavishusha viti sita kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya Avril. Alikuwa amekuja na bisibisi, koleo na barakoa mbili za vumbi. Jua lilikuwa limetoka, jua hafifu, na mfereji uling'aa nyuma ya ukuta.

Kila mto ulishikwa na skrubu nne. Ukitoka, ukaugeuza, unakuta kitambaa kimebanwa kwa pini ndogo ndogo zilizoota kutu. Avril aling'oa pini, Imtiaz akakusanya kwenye kopo. Kitambaa kilipofunuka, sponji ndani yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, inamomonyoka kama mkate mkavu. Ilimwagika juu ya magoti ya Avril. Ilikuwa nyepesi, haina uzito wowote. Aliishika kwenye kiganja akaitazama kwa muda mrefu. Kumbe ni hii. Miaka yote aliichukia kama mtu anavyomchukia adui mwenye uso, na uso haikuwa nao.

Walitoa mito mitano. Avril alipofika kwenye wa sita, aliweka koleo chini.

"Hiki tukiache."

Imtiaz alishusha barakoa. "Wewe? Avril Shorrock? Wewe uliyemkatalia mwalimu na kopo lake?"

"Kimoja tu, Imtiaz."

"Nyumba yako ina hita."

"Nitakiweka mbali na hita. Nitakiweka dirishani."

Imtiaz alimtazama, akachukua ufagio. "Wewe ndiye bosi wa lebo," alisema, akaanza kufagia ua.

Basi Avril akakiweka dirishani. Kila jioni akitoka dukani, kabla hata ya kupasha chakula, alikikalia, mfereji uko mbele yake, akapitisha ukucha kwenye vitone. Siku ya kwanza Colette alikuja mara moja, na cheko yake, na harufu ya unga kwenye nywele, jambo ambalo Avril alikuwa amelisahau kabisa. Siku ya pili alikuja, lakini alikawia. Siku ya tatu Avril alimwona mguu tu, ule uliokunjwa. Alibadilisha mkao, alifumba macho, alikwaruza kwa nguvu zaidi. Aliweka redio, akazima redio. Kufikia siku ya tisa sauti iliyotoka kwenye vitone ilikuwa sauti ya ukucha kwenye kitambaa. Alikuwa ameitumia mpaka ikaisha. Alikaa pale akajiona mwanamke mzee aliyekalia sponji mbovu, anamngoja mtu aliyekufa aje kumchekea, na mtu mwenyewe haji.

Siku ya kumi alichukua bisibisi akatoa zile skrubu nne. Hakulia. Alifunga mto wote kwenye mfuko mweusi na kitambaa chake, hakubakiza hata kipande cha kuwekea alama kitabu.

Viti alivipeleka Nelson kwa fundi wa makochi, mama mmoja mchapakazi aitwaye Philippa. Akataka sponji mpya iliyopimwa, kitambaa cha ndani cha kuzuia moto, na juu kitambaa cha rangi ya matofali. Na lebo, kwenye kila kiti.

"Lebo za nini, nawe huviuzi?" Philippa alimwuliza.

"Nitilie tu," Avril alisema.

Vilipofika nyumbani vilikuwa vizuri, na nyumba ikazidi kuwa tupu. Mtu mmoja na viti sita. Mzee Entwistle alipiga simu kutoka Carlisle kuuliza hali ya viti, akasema kwa binti yake ni joto, chakula kizuri, na hakuna kinacholia anapokanyaga. Avril alimwambia viti vinakaribia kumaliza mwezi havijakaliwa ila kimoja. "Sasa hiyo si dhambi?" mzee akasema.

Jumapili iliyofuata Avril hakwenda kukaa na mama yake kwenye nyumba ya wazee. Alimwomba Imtiaz, wakamchukua mama, wakamleta mpaka nyumba ya karibu na mfereji ale chakula cha mchana. Avril hakuwa amelala vizuri. Hakujua kama anafanya wema au ukatili. Alikuwa ameoka pai ya nyama na viazi, na njegere pembeni, na mchuzi kwenye jagi.

Mama aliingia kwa fimbo yake, mdogo kuliko koti lake. Macho yake hayakuwa mazuri siku hizi. Alipofika mezani alishika egemeo la kiti ili ajishushe, na mkono wake ukaganda pale. Vidole vilipanda kwenye ufito wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vikashuka. Vikapanda tena.

"Avril," alisema. "Umevitoa wapi hivi?"

"Si vyetu, mama. Ni vya mzee mmoja wa Padiham. Vimeshonwa upya. Sponji ya zamani imetoka yote."

"Kina lebo?"

"Kina lebo."

"Nionyeshe."

Avril alikipindua kiti kingine, akauchukua mkono wa mama na kukiweka kidole chake juu ya lebo. Mama aliipapasa pembe zote nne.

"Kumbe ni kadogo hivi," alisema.

Akakaa. Imtiaz, aliyekuwa mlangoni na funguo mkononi, alianza kuaga, na mama bila kugeuka akamwambia, "Na wewe kaa, viti viko tele." Akakaa. Avril aligawa pai. Wakaanza kula. Avril alikuwa anaangalia sahani yake na kujilaumu, akiwaza atamrudishaje mama Nelson katika hali hii, ndipo mama alipoweka uma chini.

"Colette alitaka vya buluu."

Avril aliinua uso. Miaka ishirini na minane hakuwa amelisikia jina hilo katika kinywa cha mama yake.

"Dukani," mama aliendelea. "Siku tuliyokwenda kuvinunua. Wewe ulikuwa kazini, hukuwepo. Vilikuwepo vya kijani na vya buluu. Mimi nikashika vya kijani kwa sababu havionyeshi uchafu. Akanuna, yule mtoto! Akakaa kwenye kiti cha buluu katikati ya duka, akakataa kuinuka. Mwenye duka anamwambia, 'Mwanangu, tunafunga.' Anamjibu, 'Fungeni tu, mimi nimeshakaa.'"

Imtiaz alicheka. Mama naye alicheka, cheko fupi ya mtu ambaye hajacheka siku nyingi, kisha akajifuta jicho kwa ncha ya kitambaa cha meza.

"Ikawaje?" Avril aliuliza. "Mama, ikawaje? Mlimtoaje?"

"Ngoja nikuambie," mama alisema, akasogeza sahani pembeni. "Maana hapo ndipo alipoanza kuimba."

Mchuzi ulikuwa unapoa kwenye jagi. Avril aliweka viwiko mezani, akasogea karibu.